Kuvuta gari nyuma ya motohomu: tairi nne chini, doli au tela? Gari yako ndo inaamua

Wadau mlioko huku Marekani mlioanza kuzunguka na motohomu, yani nyumba ya kusafiria yenye injini yake, au mnaopiga hesabu za kununua, swali linalorudi kila mara ni hili: gari ndogo ya kuzungukia unaivutaje nyuma? Na karibu kila anayeuliza anaanza na vifaa, chuma gani kizuri, doli ya kampuni gani, tela dola ngapi. Mi naomba tugeuze huo mpangilio. Anza na gari uliyonayo, fungua kitabu chake, alafu angalia motohomu yako inaruhusiwa kuvuta uzito gani, ukishajua hayo mawili utakuta njia zilizobaki ni moja au mbili tu na hapo ndo unaenda dukani. Ukianzia dukani utauziwa kitu kizuri kabisa ambacho gari yako haikiwezi.

Kwa ambao bado wanajiuliza kwanini mtu avute gari wakati nyumba yenyewe ina injini: ukishapaki, ukasawazisha, ukaunganisha umeme na maji safi na bomba la maji machafu, hutaki kufungua vyote hivyo eti ukanunue maziwa. Alafu kuna barabara ambazo motohomu haipiti kabisa, ile Going-to-the-Sun Road ya hifadhi ya Glacier kule Montana, kipande cha katikati hawaruhusu gari inayozidi futi 21 kwa urefu au futi 8 kwa upana ukihesabu na vioo, motohomu nyingi hapo zimeshatolewa. Na wapo ndugu zetu manesi wa mikataba ya wiki 13 wanaohamia mji mwingine na nyumba yao ya magurudumu, huyo ana zamu ya usiku, hawezi kwenda hospitali na kurudi kila siku na kitu cha futi 30.

Njia ziko tatu. Ya kwanza gari inavutwa tairi zake zote nne zikiwa chini, mbele imefungwa kwenye chuma chenye mikono miwili umbo la V kinachoshikana na motohomu. Ya pili ni doli, yani kitela kifupi cha magurudumu mawili, tairi za mbele za gari zinapanda juu yake na za nyuma zinabaki barabarani. Ya tatu ni tela zima, gari yote inapanda juu na hakuna tairi yake inayogusa lami.

Nyutro haitoshi

Hapa ndo watu wengi wetu wanapotea, na sio kwa uzembe. Nyumbani tumezoea gari ikifa inafungwa kamba, mtu anakaa kwenye usukani, gia inawekwa nyutro, inavutwa mdogo mdogo mpaka gereji. Inawezekana manake ni kilomita chache na mwendo ni wa pole. Huku tunaongelea maili 300 kwa siku kwa mwendo wa maili 60 kwa saa na ndani ya hiyo gari hamna mtu.

Gia boksi ya otomatiki inalainishwa na oili inayosukumwa na pampu, na hiyo pampu inazungushwa na injini. Injini ikizimwa pampu imelala, lakini tairi bado zinazunguka, tairi zinazungusha ekseli, ekseli inazungusha gia za ndani, na gia za ndani zinazunguka bila oili ya kutosha. Nyutro inatenganisha injini na mwendo, haitenganishi gia na tairi. Joto linapanda kidogo kidogo, na wewe uko mbele umekaa kwenye kiti chako na nyumba ya tani 6 inaunguruma, husikii chochote na huoni chochote mpaka siku unashusha gari, unaweka D, haiendi. Gia boksi za CVT, zile zinazotumia mkanda badala ya gia za hatua, ni hivyo hivyo, ule mkanda wa ndani unategemea oili yenye presha, na presha hamna kama injini haijawashwa.

Kwaiyo gari inayoweza kuvutwa tairi nne chini ni ile ambayo aliyeitengeneza kaandika mwenyewe kwamba inawezekana. Mfano mzuri ni Jeep Wrangler. Ina transfa kesi, yani boksi linalogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma, yenye nyutro yake yenyewe, ukiiweka hapo tairi zote zimeachana na gia boksi, na Jeep wanaelekeza kabisa kwamba transfa iwe nyutro na gia boksi ya otomatiki iachwe kwenye P. Ndo maana msimu wa baridi watu wakishuka Florida na Arizona utaona Wrangler nyuma ya motohomu mpaka uchoke. Pikapu za 4x4 kama Silverado zenye transfa ya namna hiyo nazo zinaingia kwenye kundi hili, ila ni nzito. Honda CR-V za mpaka 2014 Honda wenyewe waliruhusu, kwa utaratibu wa kuwasha injini, kupitisha gia, kuweka nyutro na kuiacha iungurume dakika 3 kabla ya kuzima, yani ile oili ipande kwanza. Kuanzia 2015 walipoweka CVT ruhusa ikaisha. Gari ile ile, jina lile lile, mwaka mmoja tu wa tofauti. Gari za manuali nyingi zinakubali lakini usiseme zote, kila moja ina kitabu chake.

Na sasa gari zetu wenyewe. Ukipita kwenye paki ya kanisa au msikiti wa Waswahili mji wowote huku, nusu ya paki ni Toyota, na nasema hivi kwa mapenzi manake ni gari zinazodumu. Ila kwa kazi hii Toyota za otomatiki hazifai, vitabu vyao vinasema wazi kabisa kwamba gari haijaundwa kuvutwa na tairi zote nne chini nyuma ya motohomu. RAV4, Camry, Highlander, Sienna, jibu ni hilo hilo. Usikubali mtu akwambie kuna jamaa kaivuta RAV4 yake mpaka Texas na haijafa. Siku ikifa warantii haitakulipa, na gia boksi mpya inagharimu kuliko vifaa vyote vya kuvutia ukivijumlisha.

Ukifungua kitabu kuwa makini na kitu kimoja. Kuna sehemu ya kuvuta gari iliyoharibika, ile ya dharura, na kuna sehemu nyingine tofauti ya kuvuta gari nzima nyuma ya motohomu. Watu wanasoma ya kwanza, wanaona imeandikwa inaweza kuvutwa, wanafunga kitabu. Ile ya dharura mara nyingi ina kikomo cha mwendo mdogo na umbali mfupi, sio ya safari. Na usome kitabu cha mwaka wa gari yako na aina ya injini yako, sio cha jirani.

Doli inasaidia nani

Kama gari yako inasukumwa na tairi za mbele tu, doli inakuokoa, manake tairi zinazoungana na gia boksi ziko juu hazizunguki, na za nyuma zinafuata bure. Corolla ya otomatiki, Civic, Camry isiyo AWD (yani isiyosukumwa na tairi zote nne), Sienna isiyo AWD, zote zinapanda doli bila shida na huhitaji kutoboa wala kufunga chochote kwenye gari. Hiyo ndo faida yake kubwa kuliko zote. Ukibadilisha gari mwakani doli ni ile ile, na mkiwa na gari mbili nyumbani unaweza kuvuta yoyote.

AWD ni hadithi nyingine. Tairi za mbele zimefungwa hazizunguki, za nyuma zinakimbia maili 60 kwa saa, na katikati kuna kifaa kinachojaribu kuwapatanisha, kitaungua. Kwenye hybridi za Toyota za AWD hamna shafti ya kwenda nyuma, kuna mota ya umeme inayozungusha tairi za nyuma, na ukizivuta zikiwa chini unaizungusha hiyo mota kama jenereta wakati mfumo umezimwa, Toyota wanakataza. Na RAV4 hybridi zilizouzwa huku mpaka za mwaka 2025 ni AWD. Subaru za otomatiki nazo hamna doli hapo. Tesla hata usijaribu, wao wanataka tairi zote nne ziwe juu. Hawa wote jibu lao ni tela, au kubadilisha gari.

Gari zinazosukumwa na tairi za nyuma nazo doli haiwafai mpaka utoe propela shafti, na sijaona mtu aliyefurahia kulala chini ya gari na spana kila akifika kambi.

Tela linabeba kila kitu, ila uzito

Ukisoma mpaka hapa utasema basi si ninunue tela tu, gari yoyote inapanda, gia boksi haichoki, tairi haziliki, maili haziongezeki. Kweli kabisa. Tatizo ni kwamba tela lenyewe lina uzito wake. Lile la kukodi la U-Haul la kubebea gari likiwa tupu ni kama paundi 2,200. La aluminiamu la kwako mwenyewe linaweza kushuka mpaka 1,500 hivi, ila bei inapanda.

Motohomu ina namba tatu unazotakiwa kuzijua. Uzito wake wa mwisho ikiwa imejaa, uzito wa mwisho wa msafara wote yani motohomu na kinachovutwa kwa pamoja, na uwezo wa risiva, lile tundu la chuma la mraba chini ya bampa ya nyuma. Chukua motohomu ya klasi C, yani ile ya ukubwa wa kati, iliyojengwa juu ya Ford E-450, chesisi hiyo ina kikomo cha paundi 14,500 ikiwa imejaa na 22,000 kwa msafara wote. Ukitoa unabaki na 7,500. Lakini aliyejenga nyumba juu ya hiyo chesisi anaweza akawa kaweka risiva ya 5,000, basi kikomo chako ni 5,000, namba ndogo ndo inashinda siku zote. Zile za Mercedes Sprinter 3500 ni kinyume, utaona risiva imeandikwa 5,000 mtu anafurahi, kumbe chesisi ni 11,030 na msafara wote 15,250, kwaiyo ukijaza maji na vyakula na familia mpaka ukomo umebakiwa na 4,220 tu.

Sasa weka RAV4 ya AWD ya kama paundi 3,500 juu ya tela la 2,200. Umefika 5,700. Kwenye Sprinter haiwezekani. Kwenye E-450 yenye risiva ya 5,000 haiwezekani. Corolla ya paundi kama 3,000 kwenye doli ya 700 ni 3,700, inaingia kote kama hujaipakia vitu ndani. Wrangler ya milango minne inacheza kwenye 4,200 mpaka 4,500 bila kuongeza tela lolote, kwaiyo hata hiyo kipenzi cha wote inaweza ikawa nzito kwa Sprinter iliyojaa. Tafadhali peleka motohomu kwenye mizani ya malori ikiwa imejaa kama unavyosafiri, na watoto ndani na tenki la maji, vituo vingi vya malori wanazo na ni dola chache. Uzito uliobandikwa pale mlangoni ni kikomo, sio uzito wako.

Kuna jambo jingine la tela ambalo halisemwi sana. Tela lililopakiwa vizuri linaweka asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake kwenye risiva, kwaiyo hilo la 5,700 linakandamiza nyuma ya motohomu na paundi 570 au zaidi. Motohomu nyingi za klasi C zina mkia mrefu, yani mwili unaendelea futi nyingi nyuma ya ekseli ya nyuma, na ukikandamiza mwisho wa huo mkia unainua mbele, tairi za usukani zinakuwa nyepesi na upepo wa malori unakuyumbisha. Gari iliyo tairi nne chini haikandamizi karibu chochote, inafuata tu nyuma. Doli inakandamiza kidogo. Kwa wenye klasi C ndefu mi hii hoja peke yake ingenifanya nikimbie tela. Wenye zile kubwa za dizeli zenye risiva ya paundi 10,000 na kuendelea hawana presha hii, hao hata tela la kufungwa pande zote wanavuta na bajaji ndani.

Breki, na hapa sitalegeza

Breki za motohomu zimepimwa kusimamisha motohomu. Hazikupimwa kusimamisha motohomu na paundi 4,000 zinazoisukuma kwa nyuma kwenye mteremko wa Colorado. Majimbo mengi yanataka chochote kinachovutwa kikizidi paundi 3,000 kiwe na breki zake, mengine wanaanzia chini zaidi, lakini hata kama jimbo lako lingekuwa halisemi kitu, weka breki. Familia iko humo ndani, na mbele yako kuna familia ya mwenzio.

Kwenye doli ni rahisi, nunua yenye breki zake. Nyingi zinatumia mfumo wa msukumo, motohomu ikipunguza mwendo doli inaisukuma kwa mbele, kichwa cha doli kinateleza kidogo na kukandamiza pampu ya maji ya breki, tairi za doli zinakamata. Hamna waya wala boksi. Kwenye tela breki nyingi ni za umeme na utahitaji kontrola ndani ya motohomu pale karibu na dereva.

Kwenye tairi nne chini ndo kuna uamuzi wa kweli. Kuna boksi za kuhamishika, kama Patriot ya Blue Ox au ya RVi, unaliweka sakafuni mbele ya kiti cha dereva cha gari inayovutwa, mgongo wake unategemea kiti, mkono wake unashika pedeli ya breki, na likihisi motohomu inapunguza mwendo linakanyaga. Zuri kwa sababu unalihamisha kwenda gari nyingine, baya kwa sababu kila safari unalipanga upya na ukilipanga ovyo linaweza likakanyaga kidogo kidogo njia nzima na breki zikaungua. Na kuna za kudumu, kama InvisiBrake ya Roadmaster, zinafungwa ndani ya gari mara moja, fundi anakaa nazo siku nzima, ila baada ya hapo unachomeka waya tu basi. Kama gari ni moja na utaivuta miaka, ya kudumu. Kuna pia chuma cha Ready Brute ambacho breki ya msukumo iko ndani ya chuma chenyewe, kinavuta kebo inayokanyaga pedeli, hakihitaji umeme na bei yake inavumilika.

Mfumo wowote utakaochukua uwe na kile kikebo cha dharura ambacho gari ikichomoka kinafyatua breki zake yenyewe. Na zile nyaya nene za usalama zipitishwe kwa kukatizana chini ya chuma, ili chuma kikidondoka kidondokee juu yake.

Siku ya safari yenyewe

Tairi nne chini: unasogeza gari nyuma ya motohomu, hata ukiwa umeenda pembeni kidogo sio shida, mikono ya chuma inarefuka na kupinda mpaka inafika kwenye masikio mawili ya chuma yaliyofungwa chini ya bampa ya gari, unapiga pini, unachomeka waya wa taa, kebo za usalama, unaweka gia kama kitabu kinavyosema. Alafu motohomu inaenda mbele taratibu imenyooka na mwenzio amesimama pembeni, mkono mmoja unafunga, klak, wa pili unafunga, klak. Usiondoke kabla hujasikia zote mbili. Hapo mwenzio anaangalia tairi za mbele za gari zinazunguka na usukani uko huru na handbreki imeshuka, manake ukiisahau handbreki motohomu haitakwambia, utavuta mpaka tairi zitoe moshi. Ukizoea yote hayo ni dakika chache na unaweza kufanya peke yako. Kama usukani wa gari unataka swichi iwe imewashwa nusu ndo ufunguke, betri itakwisha njiani, weka waya wa kuchaji kutoka motohomu mapema. Na risiva na masikio ya gari visipishane kimo zaidi ya inchi 3, la sivyo unanunua kipande cha kushusha au kupandisha.

Doli: unapandisha gari kwenye vibao viwili vya mteremko ukiwa umenyooka, unazungusha mikanda kwenye tairi zote mbili za mbele, unakaza na racheti. Alafu unaendesha maili chache unasimama unakaza tena, na hii sio hiari, tairi inakaa vizuri kwenye kitako chake na mkanda unalegea wenyewe. Siku ya mvua unapiga magoti kwenye matope. Gari zenye bampa ya chini zinakwaruza zikipanda. Ukishafika kambi una kitu cha paundi 500 mpaka 700 cha kusukuma kwa mikono mpaka kona fulani, kwenye kokoto ni jasho kweli, ingawa zipo zinazokunjwa kama Kar Kaddy ya Demco na unaweza kuisogeza chini ya mkia wa motohomu.

Tela: kupakia kunachukua muda zaidi, mikanda minne, na gari ikae mahali sahihi mbele au nyuma la sivyo tela linaanza kucheza mkia. Kambini tela halina pa kukaa, viwanja vingi havina nafasi na wengine wanakutoza kulihifadhi pembeni. Piga simu kabla.

Kitu ambacho tela linawashinda wote ni kurudi nyuma. Tela unarudi nalo kama dereva wa lori anavyorudi. Tairi nne chini huwezi, tairi za mbele za gari zinapinda zenyewe upande mmoja na ukilazimisha unapinda chuma au unavunja masikio. Doli nayo kwa vitendo huwezi, ina maungio mawili na gari inageuka kabla hujaelewa. Kwaiyo mwenye hizo mbili anaingia kituo cha mafuta akiwa ameshaona pa kutokea, akikosea njia kwenye mtaa usio na pa kutokea anashuka, anafungua gari, anageuza vyote viwili, anafunga tena. Kwa tairi nne chini ni kazi fupi. Kwa doli ni kushusha gari, kuzungusha doli kwa mkono, kupandisha tena, gari ziko nyuma yako zinapiga honi. Na ukisimama umepinda au kwenye mteremko pini za chuma zinabanwa hazitoki, ndo maana mi naona inafaa kulipia zaidi chuma chenye kile kiwiko cha kufungulia hata kikiwa kimebanwa.

Hela

Kwa bei zinazozunguka sa hivi, tairi nne chini ukihesabu chuma, masikio ya kufunga chini ya bampa pamoja na fundi, waya za taa na breki, unaangukia kwenye dola 3,000 mpaka 5,000. Doli mpya yenye breki 2,000 mpaka 4,000, na za mitumba zipo nyingi. Tela la wazi 3,000 mpaka 7,000 kutegemea chuma au aluminiamu. Sehemu kubwa ya hela ya tairi nne chini inabaki kwenye gari ile ile, ukiuza gari yale masikio na breki za kudumu zinaenda nayo au unalipa fundi tena. Doli na tela unauza peke yake. Mengine ni tairi zao na grisi ya beringi, na leseni, majimbo mengine yanataka namba kwenye doli mengine hayataki, uliza ofisi ya magari ya jimbo lako.

Kwa mtu anayehama hama kila baada ya siku mbili tatu mi simpi ushauri mwingine zaidi ya tairi nne chini, ule urahisi wa kila asubuhi unalipa. Nesi anayehama mara moja kwa miezi mitatu na ana Corolla yake iliyolipiwa yote, doli, asihangaike na zaidi, hata akikodi kila anapohama. Mwenye AWD ya hybridi na motohomu ndogo huyo hesabu inamkataa kote, na kwake naona heri aiache RAV4 nyumbani kwa mama watoto atafute CR-V ya 2012 mpaka 2014. Au akodi gari akifika, kama safari zenyewe ni mbili kwa mwaka inatoka rahisi kuliko vyote.

Ukienda kuiangalia hiyo CR-V ya mtumba, chungulia chini ya bampa ya mbele kama kuna masikio ya chuma na plagi ya waya. Ukiyakuta ujue imeshavutwa, na sio jambo baya, pengine umeokoa zaidi ya dola elfu, ila muulize muuzaji oili ya gia boksi imebadilishwa lini, na kabla ya kulipa chomoa kijiti uinuse mwenyewe, iliyoungua ina harufu kali na rangi ya kahawia badala ya nyekundu. Na kama mnaelekea California mjue kule chochote kinachovuta kingine kinaishia maili 55 kwa saa, njia ya kulia, hata kama haiwei nzima inakupita.